Muulize Fundi: Spika za masikioni, pleya na amplifaya zake

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ukishapata spika nzuri za masikioni, uzichomeke wapi? Tumeanza na swali ambalo jibu lake linafungua mengine.

Habari za kazi, mafundi. Nimenunua spika za masikioni Kariakoo, kwenye boksi wameandika omu 16 na desibeli 112. Nikizichomeka kwenye pleya nasikia "shhh" hata kabla mwimbaji hajaanza, na nikipandisha sauti alama mbili tu inaniumiza. Muuzaji ananishauri niongeze amplifaya yenye nguvu. Nikubali? — Msomaji, Sinza

JIBU: Usikubali, ndugu yetu. Nguvu uliyonayo imeshazidi, na amplifaya kubwa itakuongezea yote mawili, mvumo (hiyo "shhh") na huo mruko wa sauti.

Piga hesabu. Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti. Desibeli 112 za kwenye boksi kwa kawaida ni kwa miliwati moja. Hakikisha wameandika dB/mW, maana wengine huandika dB/V, na kwa spika ya omu 16 vipimo hivyo vinapishana kwa desibeli 18. Ukivichanganya, hesabu yote inakwenda kombo. Sasa chukua desibeli 80, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona salama kwa mtu mzima kusikiliza saa 40 kwa wiki. Kufika hapo spika zako zinataka volti 0.003 tu. Ongeza desibeli 30 kwa ajili ya mapigo ya ngoma na tarumbeta zinapolipuka, unafika volti 0.1. Adapta ndogo ya kuchomekea spika za masikioni kwenye simu hutoa volti 1. Amplifaya ya mezani ya volti 4 ina mara arobaini ya unachohitaji, na nobu yake utaichezea mwanzoni kabisa mwa mzunguko, mahali ambapo nobu za bei nafuu huwa hazilingani kushoto na kulia.

Mvumo nao una hesabu yake. Kila amplifaya huvuma kidogo, na mvumo huo hupimwa kwa mikrovolti. Mikrovolti 10 kwenye spika zako ni kama desibeli 30, na usiku chumba kikitulia utazisikia. Mikrovolti 2 ni desibeli 16, feni ikizunguka hazipo. Kwa hiyo ukishika karatasi ya vipimo, tafuta kwanza mstari wenye alama ya µV (mikrovolti), ndipo uangalie miliwati. Kwa spika nyepesi, yaani zinazohitaji umeme kidogo kama zako, utulivu wa amplifaya una thamani kuliko nguvu yake.

Kabla ya kulipa, toka na pleya mahali pasipo kelele, cheza wimbo, kisha shusha sauti hadi sifuri wimbo ukiwa bado unaenda. Usiusimamishe, kwa sababu pleya nyingi huzima amplifaya yake wimbo ukisimama na utadhani iko kimya. Mvumo ukibaki vilevile kwenye sifuri, ni wa amplifaya. Ukipungua kadiri unavyoshusha, unatoka kwenye rekodi yenyewe. Nyimbo za dansi zilizorekodiwa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) zilinaswa kwenye tepu, na tepu ina mvumo wake. Hapo usiilaumu pleya.

Kwa pleya uliyonayo, ingia kwenye mipangilio utafute sehemu ya gain (kiasi cha kukuza sauti) na uiweke L au Low. Isiposaidia, nunua kipunguza sauti cha kuchomeka kati ya pleya na spika, chenye rezista mbili kwa kila upande zinazogawana volti. Iko aina nyingine yenye rezista moja tu iliyopitishwa kwenye waya. Hiyo iache, na sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Spika zangu zina amecha nne (vitoa sauti vidogo vya ndani) kila upande. Kwenye simu sauti inang'ara, matoazi na fidla za taarabu nazisikia moja moja. Kwenye tundu la hedifoni la amplifaya ya zamani ya sebuleni zinafifia. Amplifaya ni ya gharama kuliko simu, iweje? — Msomaji, Upanga

JIBU: Dada, bei haihusiki hapa. Kinachohusika ni ukinzani wa kutokea, yaani omu zilizomo ndani ya amplifaya kabla umeme haujafika kwenye spika. Amplifaya nyingi za zamani hulisha tundu la hedifoni kutoka kwenye laini ya spika kubwa kupitia rezista ya omu mia na zaidi. Hedifoni kubwa za omu 300 haziathiriki sana. Spika yenye amecha nyingi inaathirika mno, kwa sababu omu zake hubadilika kufuatana na sauti inayopita.

Tuseme spika ina omu 40 kwenye besi na omu 8 kwenye sauti za juu. Amplifaya ikiwa na omu 10 tu, besi inapoteza desibeli 1.9 na sauti za juu zinapoteza 7. Pengo ni desibeli 5, na matoazi yamekwenda. Amplifaya ikiwa na omu 1, pengo linashuka hadi desibeli 0.8, ambalo wengi hawatalitambua. Kuna spika ambazo omu zake hupanda kwenye sauti za juu badala ya kushuka. Hizo kwenye amplifaya hiyohiyo zitakuwa kali na besi itapungua. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuisifu na kuiponda amplifaya moja na wote wakawa wakweli.

Kanuni inayotumika ni moja ya nane: omu za amplifaya zisizidi sehemu ya nane ya omu za spika. Spika ya omu 16 inataka 2 au pungufu. Ya amecha nyingi, chukua omu zake za chini kabisa, si zile za kwenye boksi, kwa hiyo tafuta amplifaya iliyo chini ya omu 1. Spika yenye utando mmoja wa kawaida haina tatizo hili kwa kiasi kikubwa. Omu zikizidi sauti inapungua tu, rangi yake inabaki.

Karatasi ya vipimo ikinyamaza, pima mwenyewe. Cheza mlio wa hezi 100 kwa sauti ndogo, pima volti za AC kati ya ncha ya jeki na shina lake. Kisha unganisha rezista ya omu 33 kati ya sehemu hizohizo, upime tena bila kugusa nobu. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, toa 1, zidisha kwa 33. Ukipata 0.300 halafu 0.230, jibu ni omu 10. Angalizo: ile mita ya njano ya bei ya chini inayouzwa kila mahali huanzia volti 200 upande wa AC, haitakusomea kitu. Azima yenye alama ya volti 2 au ya milivolti.

Simu yangu haina tundu la jeki. Adapta ya kwanza niliyonunua mtaa wa Aggrey haitoi sauti kabisa. Ya pili ni ya Apple, inatoa sauti ndogo mno. Simu ni ya Android. — Msomaji, Tegeta

JIBU: Ya kwanza huenda si mbovu. Kuna adapta za USB-C ambazo ndani ni waya mtupu. Zinafanya kazi kwenye simu zinazotoa sauti ya analogi kupitia tundu hilo. Simu yako haitoi. Dukani mwambie muuzaji unataka yenye chipu ya DAC (inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi), uichomeke kwenye simu yako hapohapo ukiwa na spika zako. Kwa macho tu hazitofautiki.

Ya pili ni nzima na ina ukinzani mdogo, karibu omu 1, ila kwenye Android ina kasoro inayojulikana: simu haiipandishi sauti ya ndani ya adapta, hivyo unaanzia chini. Programu ya USB Audio Player PRO huiendesha adapta moja kwa moja na kutoa volti yote, lakini kwa nyimbo unazozicheza ndani ya programu hiyo tu. Angalia pia namba iliyochapwa kwenye waya wake. A2049 hutoa volti 1. A2155, ya soko la Ulaya, hutoa kama nusu volti. Ukitaka kuepuka yote haya, nunua adapta ya kampuni nyingine yenye vitufe vyake vya sauti.

Basi zipo kweli spika za masikioni zinazohitaji amplifaya? — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Zipo, si nyingi. Mfano unaojulikana ni Final E5000, omu 14 na desibeli 93 kwa miliwati. Kufika vilele vya desibeli 110 inataka volti 0.84 na miliampia 60, yaani miliwati 50. Hapo adapta dhaifu huishiwa na besi inakuwa legelege. Tafuta kifaa chenye miliwati zilizoandikwa kwa omu 16. Namba ya omu 300 haikwambii lolote kuhusu spika hizi.

Bwana asifiwe, mafundi. Kwaya yetu Mbagala ina waimbaji viongozi wanne. Tumechomeka spika nne za masikioni kwenye tundu moja la hedifoni la mikisa kwa waya za Y. Sauti ndogo, inakwaruza, na kila mmoja analalamika. — Fundi sauti wa kwaya

JIBU: Bwana asifiwe sana. Spika nne za omu 16 zikiunganishwa hivyo zinakuwa omu 4, mzigo ambao tundu hilo halikutengenezewa. Mnahitaji amplifaya ya hedifoni yenye matundu manne, kila tundu na nobu yake.

Ilisheni kutoka AUX (tundu la pembeni la kutolea sauti kwenye mikisa), na AUX hiyo iwekeni PRE, yaani kabla ya feda, ili ukishusha au kupandisha feda kwa ajili ya waumini, masikio ya waimbaji yasiguswe. Kamwe msichomeke spika za masikioni moja kwa moja kwenye AUX. Tundu lile mara nyingi ni la balansi: sikio moja linapata sauti na jingine linapata ileile iliyogeuzwa kinyume, na mwimbaji anahisi sauti haikai katikati ya kichwa.

Kama mikisa ina limita (kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango), iwekeni kwenye AUX hiyo. Maikrofoni ikidondoka bila limita, kishindo chote kinaishia ndani ya sikio. Washeni mikisa kwanza, amplifaya baadaye, na kuzima iwe kinyume chake. Umeme ukikatika, kila mtu atoe spika sikioni kabla haujarudi. Na waimbaji wavae masikio yote mawili. Anayetoa moja ili asikie waumini huishia kupandisha sauti ya lile lililobaki.

Waya wenye jeki ya balansi ya milimita 4.4 una faida kuliko wa 3.5 wa kawaida? — Msomaji, Mikocheni

JIBU: Kwa spika nyepesi, kidogo sana, unapata volti nyingi zaidi, ambazo huzihitaji. Cha hatari ni adapta. Waya wa 4.4 kuuingiza kwenye tundu la 3.5 kwa adapta ni salama. Kinyume chake, spika za jeki ya 3.5 kwenye tundu la balansi la 4.4, adapta inaunganisha pande hasi mbili ambazo kila moja ina amplifaya yake, na unaweza kuiunguza pleya.

Upande wa kushoto umekuwa hafifu. Nibadilishe pleya? — Msomaji, Magomeni

JIBU: Bado. Zichomeke spika hizo kwenye simu au pleya nyingine. Hafifu ikibaki upande uleule, tatizo ni spika au waya wake. Kama waya unachomoka, badilisha pande za waya kwenye spika: hafifu ikihamia spika ya pili, waya ndio mbovu. Ikibaki kwenye spika ileile, tazama kichujio kidogo mdomoni mwake. Kwa joto na unyevu wa Dar, jasho na nta huziba nyavu hiyo, na maji kidogo tu hushusha sauti za juu. Toa kipira, futa nyavu kwa kitambaa kikavu ukiiinamisha spika chini uchafu usiingie ndani, kisha ifungie usiku kucha kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya boksi za viatu. Usitumie pini wala kikausha nywele. Isipopona, badilisha kichujio. Huuzwa vikiwa na gundi nyuma, ila pima kwanza kipenyo cha mdomo wa spika yako.