Land Rover kuukuu ya jeshi: anza na breki, injini isubiri

Land Rover yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe, tena niliiharibu kwa kutaka kuiboresha. Ilikuwa modeli ya Series III ya inchi 109, yaani urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ilitumikia jeshi la Uingereza, ikauzwa mnadani huko, ikashushwa Mombasa, ikapita mikono kadhaa hadi ikanifikia Kapchorwa, mashariki mwa Uganda. Injini yake ya petroli ya cc 2,286 ilikuwa nzima, lakini ilikunywa mafuta bila huruma, na mimi nilikuwa nabeba kahawa kushuka Mbale. Nikashauriwa niing'oe, niweke dizeli ya Toyota, ile 3L ya Hiace. Nikakubali siku hiyohiyo.

Fundi akakata mauntingi za injini kwenye chesisi kwa gesi, akachomelea nyingine, akakata na ubao wa chini ili gia boksi lipate nafasi. Injini ya zamani nikaiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kwa wiki chache nilijiona nimepata gari jipya. Kisha hafushafti ya nyuma, ule mhimili unaozungusha gurudumu, ikakatika. Nikanunua nyingine, nayo ikakatika. Yale mabomba ya breki yalikuwa ni yaleyale yaliyotoka nayo Uingereza. Siku moja, nikiwa na mzigo kamili, nimeshaipita Sipi nateremka kuelekea Muyembe, pedali ikazama hadi chini. Nikavuta hendibreki, na ye yote anayeijua Series anajua kwamba hendibreki ile haishiki magurudumu, inashika propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, nyuma ya gia boksi, na haikutengenezwa kusimamisha gari lililo kwenye mwendo. Nikailaza kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Hakuna aliyeumia, na hilo namshukuru Mungu hadi leo. Lakini chesisi ilipinda palepale ilipokatwa, na injini ya asili ya kuirudishia sikuwa nayo.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa jeshi, Jinja. Alipoiona alizunguka mara moja tu, akaniuliza, "Mwanangu, ulianzia wapi?" Nikamwambia, injini. Akanyamaza. Swali lile ndilo lililonifanya niandike haya, kwa sababu kila mwezi kijana mmoja hunipigia simu kuwa amepata Land Rover ya jeshi kwa bei nzuri na anataka kujua aweke injini gani.

Kwanza elewa hali ilivyo. Tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Series III iliacha kutengenezwa 1985. Maana yake zilizomo Uganda ndizo hizo, hazitaongezeka. Kila unapokata chesisi moja unapunguza idadi. Ndiyo maana mimi sasa nina sharti moja kwa gari langu la pili: kifaa kipya kiingie kwa bolti, kwenye matundu yaliyopo, na kiweze kutoka kesho bila gesi wala grainda. Nikiambiwa "hapa tutakata kidogo tu," naondoka gerejini.

Kabla ya kulipa hata shilingi, lala chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, haioti kutu kama chuma, kwa hiyo kwa nje itakudanganya. Chesisi ni chuma, ni kasha lililo wazi ndani, na kutu lake huanzia ndani likatokea nje likiwa limeshamaliza kazi. Gonga chuma cha chesisi kinachokatiza nyuma kabisa, gonga pale springi za mbele zinapofungwa, gonga mikono inayobeba ukuta wa mbele ulio chini ya kioo, gonga na juu ya tangi la mafuta kama mkono unafika. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti ya boksi, na pengine nyundo ikatumbukia. Ukiona bati limechomelewa juu ya bati jingine, jua kuna uozo umefunikwa. Kiraka cha kweli hukatwa hadi kwenye chuma safi ndipo kipande kipya kikachomelewa. Hiyo ndiyo kukata pekee ninayoikubali.

Namba ya chesisi utaikuta imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na springi. Ilinganishe na logibuku herufi kwa herufi, na namba ya injini vilevile. Halafu rangi. Ikiwa bado ina kijani cha jeshi, ipake nyingine mapema na uondoe alama zote za kikosi. Sheria ya UPDF, jeshi letu la Uganda, ya 2005 haina mchezo na raia anayekutwa na vitu vya jeshi, na hutaki kueleza historia ya Uingereza kwenye kizuizi cha barabarani saa nne usiku.

Sasa breki, na hapa nitakaa.

Land Rover nyingi za jeshi zilijengwa rahisi ili askari aweze kuzitengeneza porini. Breki zake zote nne zilitegemea njia moja ya mafuta, bila buusta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu. Bomba likipasuka popote, gurudumu lolote, umepoteza zote. Series III za raia za miaka ya mwisho zilikuja na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) ya njia mbili, mbele na nyuma kila moja na yake, pamoja na buusta. Vifaa hivyo bado vinatengenezwa na vinaingia kwa bolti, ila nunua pamoja na kasha lake la pedali, kwa maana la zamani halikubali. Na useme wazi dukani kuwa gari lako ni 109. Masta silinda ya inchi 88 si yake, hata kama muuzaji atakuapia kwamba zinafanana.

Mipira ya breki ni mitatu: mmoja kila gurudumu la mbele, na mmoja unaokwenda ekseli ya nyuma. Ibadilishe yote hata kama kwa nje inang'aa. Mpira mzee huvimba kwa ndani ukawa kama mlango wa upande mmoja: mafuta yanakwenda ukikanyaga, hayarudi ukiachia. Gurudumu linabaki limeshikwa, dramu linachemka, na fundi anahangaika na silinda za gurudumu ambazo hazina kosa. Mabomba nayo, epuka shaba tupu, hupasuka kwa kutikisika kwenye marram. Omba yale ya mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Dramu za mbele za 109 zina viatu viwili, na kila kimoja kina silinda yake na kirekebishi chake. Mafundi wengi hurekebisha kimoja wakasahau cha pili, kisha wakasema Land Rover haina breki. Zungusha kirekebishi hadi gurudumu likwame, rudisha kidogo hadi lizunguke huru, kisha fanya cha pili. Pia mfumo huo hushika vizuri gari likienda mbele, lakini ukirudi nyuma kwenye mteremko nguvu yake hupungua sana. Kumbuka hilo siku utakapokwama mlimani Bukwo ukiwa na magunia nyuma.

Ukimaliza, fanya jaribio alilonifundisha baba. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano sita, uishikilie, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, buusta inafanya kazi. Endelea kuikandamiza ukihesabu hadi 60. Ikiendelea kuzama polepole, kuna mahali inavuja, usitoke.

Umeme ndipo watu wanapopoteza fedha bure. Zile zilizobeba redio za mawasiliano zilijengwa kwa volti 24: betri mbili za volti 12 zimeunganishwa mfululizo, alteneta kubwa, distribyuta iliyofungwa ndani ya kasha lisilopitisha maji, na nyaya za plagi zilizovikwa chuma ili zisiivurugie redio. Ya kwangu ya sasa ni ya namna hiyo. Kila fundi aliniambia nishushe iwe volti 12. Nilikaa nikafikiri: malori ya Fuso yanayopita hapa kila siku yanatumia volti 24. Balbu zake, rilei zake, honi yake, vyote viko Mbale katika duka lolote la spea za malori. Kwa nini ning'oe mfumo mzima? Nikaacha.

Nilichobadilisha ni taa kubwa. Zile za asili ni za duara za inchi saba, na ukipata kioo cha H4 cha kipimo hicho kinakaa mahali palepale. Weka balbu za H4 za volti 24, na upitishe umeme wake kwenye rilei mpya ili swichi ya zamani isibebe mzigo wote, la sivyo itayeyuka. Kwa redio na chaji ya simu, usifanye kosa la kuchota volti 12 kwenye betri moja. Betri hiyo itakuwa inaisha huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa. Nunua kile kibadilishi cha 24 kwenda 12 wanachotumia madereva wa malori. Na vifaa vingi vya kielektroniki vya kuondoa platini (vile vidude vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi) kwenye distribyuta ni vya volti 12, soma kwanza boksi. Mimi nimebaki na platini, natembea na kondensa ya akiba.

Kuna kitaa kidogo chini kabisa nyuma, kinachomulika difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli. Difu lenyewe lilipakwa rangi nyeupe. Ni taa ya msafara: usiku wa vita dereva wa nyuma anaona duara jeupe la mwenzake tu, na adui wa mbali haoni kitu. Wengi hukitoa. Mimi nimekiacha, na mwanangu wa miaka tisa hukiwasha kila Jumamosi tukiosha gari.

Springi: kuna aina mpya zenye majani mawili au matatu tu yaliyotengana katikati, hayasuguani kama majani mengi ya zamani. Gari hulainika ajabu. Ukizifunga, badilisha shokapu wakati uleule, kwa maana msuguano wa majani ya zamani ulikuwa unasaidia kuzuia kuruka, na huo sasa haupo. Mbele nimeweka hizo. Nyuma nimebaki na majani ya jeshi, nikayafungua, nikayasugua kutu, nikapaka grisi, nikaweka bushi na bolti mpya za U. Mzigo wa kahawa unataka majani. Anayebeba watu tu anaweza kuamua vingine.

Mikanda ya viti weka, hata kama gari lilikuja bila. Matairi ya nailoni ya kale toa, weka ya radial ya 7.50 kwa 16 na tyubu mpya.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni ovadraivu. Ni gia ya ziada inayofungwa nyuma ya gia boksi dogo, lile linalogawa nguvu mbele na nyuma, mahali penye kifuniko, bila kukata chochote. Inapunguza mzunguko wa injini kwa asilimia 22 hivi katika mwendo uleule. Kwenye lami ya kutoka Mbale kwenda Tirinyi kelele zinapungua, na hata mafuta nayaona yanakaa zaidi tangini. Ina oili yake yenyewe, kidogo sana. Ikague kila wiki, kwa maana ikikauka inakufa mara moja. Yangu nilipata iliyotumika, kupitia rafiki Nairobi aliyeitafuta kwa miezi minane. Ingekuwapo siku zile nilipolalamikia mafuta, huenda nisingegusa injini kamwe.

Kuhusu spea: beba kifaa cha zamani mkononi na namba yake ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Kisekka, Kampala, utapata vingi, lakini wauzaji wengi wamezoea Toyota. Kwa vitu vya Series mimi hupita Suam, mpakani na Kenya, hadi Eldoret, au naagiza barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kitu cha breki na cha usukani nunua kipya, hata kama itabidi usubiri mavuno yajayo. Milango, vioo, viti, kaburi la magari linatosha.

Injini ya gari hili bado ni ileile ya petroli iliyokuja nayo. Nimeifanyia vali, kabureta na pampu ya maji. Kila nilichokitoa tangu nianze, masta silinda, vioo vya taa, springi za mbele, nimekipaka grisi nikakifunga kwa plastiki ndani ya sanduku la mbao, na kila kimoja kina tarehe na mahali kilipotoka. Kilichobaki ni sili ya boksi la usukani, inavuja matone mawili matatu kwa usiku. Mpya imeshafika Suam, na nitaifuata Ijumaa.