Kompyuta, Tarakilishi na Skuli: Jibu kwa Mfasiri Chipukizi

Msomaji mmoja aliyeanza kazi ya tafsiri, na sasa anatafsiri mwongozo utakaosomwa Kenya na Tanzania, ameniandikia akitaka nimwamulie kati ya kompyuta na tarakilishi, kwa sababu mhariri wake wa Nairobi na yule wa Dar es Salaam kila mmoja humfutia neno la mwenzake. Namjibu hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mnatamani kuishi kwa kalamu.

Nilipokuwa mchanga katika kazi hii, shirika moja lilinirudishia kijitabu kilichokusudiwa wasomaji wa Unguja, likinilaumu kwamba nimeandika skuli badala ya shule, eti nimechafua Kiswahili kwa Kiingereza. Lawama ile iliniuma, na hata leo inaniuma, kwa maana shule nalo ni la kigeni: tulilipata kwa Wajerumani walipoitawala Tanganyika, ilhali Zanzibar, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890, ikachukua la Waingereza. Leo maandishi yangu yanasomwa Chake Chake na Kisumu bila mtu kukwama, nami najivunia hilo.

Mkenya, ambaye mtaani huchanganya Kiingereza bila wasiwasi, ndiye anayeandika tarakilishi (yaani kompyuta) na rununu (yaani simu ya mkononi) vitabuni na magazetini. Mtanzania, mwenye Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) tangu 1967 na sifa ya kuilinda lugha, ameridhika na kompyuta. Naamini sababu ni kwamba Mtanzania husoma karibu masomo yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kwa hiyo neno geni halimtishi. Hulitia katika sarufi yake na kuendelea. Madereva wa Dar es Salaam waliyachukua maneno ya Kiingereza ya kibao cha barabarani, keep left, wakapata kipilefti, yaani mzunguko wa barabarani, na vilipokuwa viwili vikawa vipilefti. Mkenya hukutana na Kiswahili sanifu zaidi kama somo lenye mtihani, na hapo harufu ya Kiingereza huonekana kosa.

Basi, ndugu yangu, jiulize kwanza nani atakayesoma, kisha usikilize anavyolitamka neno na anavyolitia katika wingi. Neno lililokwisha kupata ngeli ni letu, wala usikubali mtu wa jiji lolote akuambie kwamba Kiswahili cha wenzake ni kichafu.

Mwongozo wako unakwenda nchi mbili, hivyo omba matoleo mawili. Fedha isipotosha, andika kompyuta, ambayo Mkenya huielewa mara moja, na uweke tarakilishi katika mabano pale neno linapotokea mara ya kwanza.