Swali la lugha: Kioo huakisi rangi au huakisi mwanga?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, Kigoma. Nina gemu ya zamani ya mkononi. Kioo chake ni cha rangi lakini hakina taa. Gizani huoni kitu, ila ukienda nayo juani kule Kibirizi inasomeka kuliko simu. Nimeibandikia karatasi: "kioo kinachoakisi rangi". Mwenzangu anasema niandike "kinachong'aa". Nani kapatia? Na hizo "fuwele kimiminika" zinazosemwa zimo ndani ya kioo, ni Kiswahili kweli?

Jibu: Marahaba, fundi. Umemzidi mwenzako, ila nawe hujafika.

Kung'aa hakubagui. Nyota inang'aa kwa mwanga wake, sufuria iliyosuguliwa majivu inang'aa kwa mwanga wa kuazima. Kuakisi ni kurudisha kilichokujia. Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, ziwa huakisi wekundu kwa kuwa wekundu uko angani. Gemu yako hupokea mwanga mweupe na kutoa picha ya rangi, kwa hiyo rangi hizo zimetengenezwa njiani. Andika "kioo cha rangi kinachoakisi mwanga". (Na iwe mwanga wa ngeli ya U. Mwanga umeingia ndani, shukuru. Mwanga ameingia ndani, kimbia.)

Njiani kuna nini? Mwanga hupita kwanza kwenye karatasi inayoruhusu mawimbi yanayotikisika upande mmoja tu. Nusu nzima inaishia hapo. Kisha vichujio vya nyekundu, kijani na buluu: kila kimoja hupitisha takriban theluthi. Nusu ya theluthi ni sehemu moja kati ya sita, na bado kuna hasara nyingine. Nyuma kuna kitu kama kioo cha kujitazamia kinachourudisha mwanga nje kwa njia ileile. Katikati, molekuli za fuwele kimiminika zikipewa umeme hubadili mkao, na kila kidoa kikafifia au kung'ara. Ndiyo maana saa na kikokotoo cha nyeusi na kijivu vilienea tangu miaka ya 1970, huku kioo cha rangi kisicho na taa kikichelewa: Game Boy Color ya Nintendo ilitoka 1998. Iliyofuata, Game Boy Advance ya 2001, ililalamikiwa kwa giza, hata toleo la SP la 2003 likawekewa taa.

Sasa fuwele. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Prague, alipasha moto kemikali itokanayo na kolestero. Kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi ikayeyuka, lakini ikawa na ukungu kama maji ya mchele. Ukungu ukatoweka kwenye nyuzi 178.5. Otto Lehmann, Mjerumani, akaona kuwa ule ukungu unatiririka kama maji huku molekuli zake zimejipanga kama za fuwele, yaani kitu kigumu chenye mpangilio kama punje ya chumvi. Jina likabeba tabia zote mbili.

"Fuwele kimiminika" si kosa. Tuna askari kanzu na bata maji, nomino mbili zikiongozana bila kiunganishi. Mimi napenda zaidi "fuwele oevu". Huko kwenu mnasema ardhi oevu ya Malagarasi bila kigugumizi, na kivumishi hicho kinafaa hapa pia. "Fuwele za kimiminika" ndiyo niikatae: inadokeza kwamba kimiminika kimegandishwa kuwa fuwele, ilhali hakijaganda hata kidogo.

Mteja akikuletea simu iliyoanguka, yenye doa jeusi pembeni, atakwambia "kioo kimevuja wino". Wino haumo; kama kioo ni cha fuwele oevu, ni hizo zilizomwagika au kuvurugika mpangilio. Usimsahihishe. Mwandikie risiti ya kioo.