Tangazo lifike mwaloni: kwa maafisa habari wapya wa Kigoma

Wadogo zangu mlioanza kazi ya habari na uhusiano hapa Kigoma, pamoja na nyinyi wanafunzi wa fildi (mafunzo kazini) mnaokabidhiwa taarifa ya kuandika hata kabla hamjapata meza: kazi zenu tunazisoma, na tunazisoma kwa makini kuliko mnavyodhani. Ndiyo maana makosa yaleyale yanauma kila yanaporudi. Mgeni rasmi na msafara wake wamejaa aya ya kwanza yote. Siku ya tukio imeandikwa "kesho". Taarifa imetumwa saa 11 jioni, halafu afisa analalamika kwamba redio zimeisusa. Mkiandika mnamwona bosi akiisoma kwenye karatasi yenye nembo. Mwoneni pia mama wa Kibirizi anayeanika dagaa, redio iko pembeni, mikono yote miwili ina kazi.

1. Aya ya kwanza ni ya mwananchi

"Mkuu wa Wilaya, akiambatana na Kamati ya Ulinzi na Usalama, Mkurugenzi, waheshimiwa madiwani na wataalamu, ametembelea mradi wa maji na kuwataka wananchi kutunza miundombinu." Mstari wote umekwisha na hakuna kaya hata moja iliyojua kama itapata maji. Andika hivi: "Wakazi wa Gungu wataanza kupata maji ya bomba Jumatatu, tarehe 9 Machi." Mgeni rasmi aingie aya ya pili, jina na cheo kamili bila kukosea herufi. Itifaki haijavunjwa, na mheshimiwa mwenyewe atafurahi zaidi redio ikiisoma habari yake kuliko ikiitupa.

Sentensi isizidi maneno 20. Namba moja kwa sentensi inatosha. Taarifa nzima iishie maneno 300, ukurasa mmoja. Dakika moja hewani inabeba maneno kama 120, na mtangazaji akikupa nusu dakika amekupendelea, kwa hiyo sentensi mbili za mwanzo lazima zijitosheleze hata zingine zote zikikatwa. Ukimaliza, mtafute dereva au mhasibu, msomee mara moja kwa sauti, kisha mwache akueleze: ni nini, wapi, lini, na yeye afanye nini. Akikosa kimoja, rudi mezani ukaandike upya.

2. Saa na tarehe ziandikwe kwa maisha ya anayesikiliza

Hapa vijana wanateleza sana. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipumzishwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Zitumieni tarehe hizo kama zoezi. Kijana akiandika "ziwa litafungwa tarehe 15 Mei" anaona kazi imekwisha. Lakini mvuvi wa dagaa anaingia ziwani jioni, anavua usiku kwa taa, anarudi alfajiri. Kwake tarehe 15 ina usiku wa kuamkia na usiku wa kulala, na tangazo halijasema ni upi. Akitoka Jumanne jioni akarudi Jumatano asubuhi na samaki chomboni, amevunja sheria? Dagaa aliyekwisha kumwanika anaruhusiwa kumsafirisha? Na hiyo "hadi tarehe 15 Agosti" ndiyo siku ya mwisho ya kupumzisha au ya kwanza ya kuvua? Ukiongeza "saa 6 usiku tarehe 15" umezidi kuharibu, maana nusu ya watu wataiweka mwanzoni mwa siku na nusu mwishoni.

Andika tendo, siku ya wiki na tarehe kwa pamoja: "Safari ya mwisho ya kuvua ni jioni ya Jumanne, tarehe 14 Mei. Vyombo vyote viwe vimerudi nchi kavu kabla ya saa 12 asubuhi, Jumatano, tarehe 15 Mei." Saa yenyewe ni ya mtaalamu wa uvuvi kuitoa. Kazi yako ni kumng'ang'ania mpaka aitoe, na kumpelekea maswali ya mvuvi kabla mvuvi hajayaleta yeye. Fanyeni hivyohivyo kwa chanjo, mgao wa maji, ratiba ya meli na siku ya kufunga barabara. "Kesho", "wiki ijayo" na "hivi karibuni" ziondoeni kabisa, kwa sababu sauti inayorushwa leo kwenye kundi la WhatsApp itasikilizwa keshokutwa na mtu wa Kagunga atakapopata mtandao.

3. Marekebisho ya kimyakimya

Hili ndilo linalotunyima usingizi sisi wakubwa wenu, na kila kundi jipya linakuja nalo. Afisa ametuma tangazo saa 4 asubuhi. Saa 6 mchana anagundua tarehe imekosewa. Anaingia kwenye kundi la waandishi, anafuta ujumbe, anarekebisha, anatuma faili jipya lenye jina lilelile, kumbukumbu namba ileile, tarehe ileile, bila neno hata moja. Anaamini amewahi.

Hajawahi. Kufuta kwenye kundi hakufuti kwenye simu ya aliyekwisha kupakua. Waandishi wawili wameshalituma kwenye makundi ya kata. Mtendaji wa kijiji amelichapa na kulibandika kwenye mti wa ofisi yake. Redio moja imelisoma kwenye taarifa ya saa 7 mchana. Sasa mjini kuna karatasi mbili halali, zenye nembo moja na sahihi moja, zinazopingana, na hakuna mtu wa kawaida anayeweza kujua ipi imeifuta nyenzake. Kila mmoja atashika inayomfaa. Mfanyabiashara aliyezuiwa mizigo ataonyesha ile ya kwanza. Askari au afisa aliye zamu ataonyesha ya pili. Wakifikishana mbele ya Mkuu wa Wilaya, zote mbili zinatoka kwenye ofisi yako, na kuanzia siku hiyo hata tangazo lako sahihi litapokelewa kwa shaka. Kinachouma zaidi ni kwamba gharama hailipwi na aliyekosea. Inalipwa na mama aliyepanda mtumbwi kutoka Mwamgongo na mtoto mgongoni, akafika kituoni siku ambayo chanjo haipo, na nauli ya kurudi hana.

Kwa hiyo kosa likitokea, na litatokea, fuateni utaratibu huu bila kuona haya. Kwanza idhini: mpigie simu aliyesaini, msomee kosa na marekebisho yake, akubali hapohapo. Dokezo la kwenye jalada litafuata baadaye. Usisubiri lizunguke masijala (ofisi ya majalada) huku tangazo bovu likitembea. Pili, andika waraka mpya wenye kumbukumbu yake mpya, na juu kabisa kwa herufi kubwa: MAREKEBISHO YA TANGAZO LA TAREHE FULANI, ukitaja na saa uliyotoa haya marekebisho. Sentensi ya kwanza ibebe taarifa iliyo sahihi. Ya pili iseme ni kipi kilikosewa, mara moja tu, kwa sababu ukilirudia kosa mara tatu ndilo litakalokaa vichwani. Ya tatu: "Tangazo la awali lisitumike." Usilifute lile la kwanza. Lijibu palepale kwenye kundi kwa kuambatisha marekebisho chini yake, ili anayeliona aone na kilicholifuta.

Tatu, simu. Anza na redio iliyokwisha kusoma, omba marekebisho yasomwe kwenye taarifa ileile ya muda uleule, maana wasikilizaji wa saa 7 mchana wengi hawapo saa 2 usiku. Kisha watendaji wa kata na vijiji mmoja mmoja, na kila mmoja akutumie picha ya karatasi mpya ikiwa ukutani na ya zamani ikiwa imetolewa. Bila picha hiyo hujamaliza. Mwisho andika kwenye daftari: kosa lilikuwa nini, lilipitia mikono ya nani, liligunduliwa saa ngapi, nani kapigiwa. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kwamba tarehe zenu hukosewa pale mnaponakili tangazo la mwaka jana na kubadilisha maneno ya juu tu. Msinakili. Fungueni ukurasa mpya.

4. Mengine kwa ufupi

Picha zitumeni kama faili, si kama picha ya kawaida, la sivyo WhatsApp inazibana na gazeti haliwezi kuzitumia. Maelezo ya picha yataje majina na vyeo kutoka kushoto kwenda kulia, na jina la faili liwe la tukio na tarehe.

Mtoto, mgonjwa au mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu asipigwe picha ya sura bila ridhaa inayoeleweka (kwa mtoto, ya mzazi au mlezi). Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu na nyinyi.

Mwananchi akileta ombi la maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, jibu lisizidi siku 30. Ligongeni muhuri siku lilipofika.

Mtumbwi ukipinduka, msitaje idadi ya waliofariki mliyoisikia mwaloni, pale vyombo vinapotia nanga. Mtafuteni msemaji aliyeidhinishwa, na mkiwa mnamsubiri toeni yale mnayoyajua kwa hakika: mahali, saa, waokoaji walioko, na ndugu wapige namba gani.

Boda wa spika, yule wa pikipiki anayetangaza mitaani kwa kipaza sauti, mpeni karatasi yake peke yake: sentensi nne, herufi kubwa, saizi 18 au zaidi, anasoma huku akiendesha polepole barabarani. Mkimpa tangazo la ukurasa mzima atachagua mwenyewe cha kuacha. Ijumaa mchana apite Ujiji baada ya swala, Jumapili apite makanisani ibada zinapoisha.

5. Namba ya simu iliyo chini ya tangazo

Iwe ya mtu aliye hai, mwenye chaji, atakayepokea siku tatu mfululizo, pamoja na alfajiri, kwa sababu wavuvi hupiga wakirudi. Vijana wanaweka namba ya mezani ya ofisi inayolia bila mtu. Anayepokea awe na tangazo mkononi na kalamu, aandike kila swali kama lilivyoulizwa, kwa maneno ya aliyeuliza, hata kama ni Kiswahili kilichochanganyika na Kiha. Swali moja likiulizwa na watu watatu tofauti, kasoro iko ndani ya tangazo. Toeni ufafanuzi siku hiyohiyo, wenye kumbukumbu yake na saa yake, na muanzie redioni kabla ya kwenye makundi.