Feni inazunguka kutwa nzima, mbona nyumba haipoi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Tunakaa Katuba, nyumba ya mabati yenye plafoni (dari) ya tripleksi, zile mbao nyembamba za plaiwudi. Mwezi wa tisa mume wangu alileta feni ya dari, akaifunga sebuleni pale palipokuwa na taa. Naiwasha asubuhi nikienda sokoni ili nikirudi nikute nyumba imepoa, lakini nakuta joto lile lile. Tena inayumba, na jioni inazunguka polepole kama imechoka. Jirani anasema tuachane nayo tununue kiyoyozi. Je, feni yetu ni mbovu? Mama wa Katuba, Lubumbashi.

Jibu: Mama, nianze na hilo la kuyumba, maana ndilo linalonitisha. Usiiwashe tena mpaka mtu apande juu aangalie imeshikwa na nini. Taa ni nyepesi, hata tripleksi inaibeba. Feni ina kilo kadhaa, na ikizunguka inavuta na kutikisa usiku na mchana. Lazima ishikwe na mbao ya paa yenyewe, ile shevroni, au bomba la chuma lililolazwa juu ya shevroni mbili. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja hapa mjini nikakuta feni nzima inaning'inia kwa skrubu mbili zilizoingia kwenye tripleksi peke yake, na chini yake kuna kitanda cha watoto. Skrubu moja niliichomoa kwa vidole.

Mkishaifunga vizuri na bado inayumba, chukua kijiti, kisimamishe wima karibu na ncha ya panga moja (umeme umezimwa), halafu zungusha kwa mkono uone kama mapanga mengine yanapita pale pale. Lililo juu au chini zaidi ya wenzake ndilo lenye mkono uliopinda. Futa vumbi pia. Vumbi jekundu la mwezi wa tisa likiganda upande mmoja linatosha kuharibu mizani.

Sasa swali lako lenyewe. Feni haipozi chumba, inapoza mtu aliye chini yake. Lowesha mkono mmoja, mwingine uache mkavu, kisha simama chini ya feni: ule wenye maji utausikia baridi mara moja. Ndivyo jasho linavyofanya, likikauka linaondoka na joto la mwili. Viti, kuta na meza havitoki jasho, kwa hiyo ukiweka kipimajoto mezani hakitashuka hata kidogo. Kwa kweli kinaweza kupanda kidogo, kwa sababu umeme wote ambao mota inakula mwishoni unageuka kuwa joto humo humo ndani. Kwa hiyo zile saa ulizokuwa sokoni, feni ilikuwa inampepea nani? Ukitoka, zima.

Ukiwa ndani, hapo utaona faida yake. Mchana wa mwezi wa kumi hapa joto huwa nyuzi 32 au 33 hivi. Ngozi yetu iko karibu na 35, kwa hiyo upepo huo bado unakusaidia. Feni ya kawaida hula wati 50 hadi 75. Tuseme 60: ikizunguka muda wa saa nane usiku, ni wati-saa 480, yaani karibu nusu uniti (uniti moja ni wati-saa 1,000). Kiyoyozi kidogo cha wati 1,000, kikifanya kazi saa hizo hizo bila kupumzika, kitakula uniti 8. Jirani yako hajakosea kwamba kiyoyozi kinapoza chumba kweli, lakini kwenye nyumba yenye bati tupu juu na madirisha yasiyofunga sawasawa, utakuwa unapoza mtaa mzima.

Adui yako halisi ni hilo bati. Jua likianza kugeuka mchana, panda kwenye kiti, weka kiganja kwenye plafoni. Utautoa haraka. Hewa iliyofungiwa kati ya bati na tripleksi inawaka, plafoni inakurushia joto hilo kichwani, na feni inaishusha hewa ya moto iliyoganda juu. Toboeni matundu kwenye kuta mbili za pembetatu za paa, upande huu na ule, muweke wavu wa chuma popo wasiingie, hewa ya moto ipate njia ya kutoka. Bati likipakwa rangi nyeupe nalo linapokea jua kidogo zaidi. Na tumieni usiku: mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hata mwezi wa kumi usiku hushuka chini ya nyuzi 20. Fungua madirisha jioni, ingiza baridi hiyo, asubuhi yafunge na mapazia kabla jua halijapanda.

Kuhusu kuchoka jioni: wakati huo mtaa mzima umewasha resho, yaani majiko ya umeme. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 160, nguvu ya mota kuzungusha inabaki karibu nusu. Hapo feni haina kosa. Lakini kama inakwenda polepole hata mchana umeme ukiwa mzuri, au inasubiri usukumwe kwa fimbo ndipo ianze, hiyo ni kapasita, ile mafundi wanaiita kondansateri. Ni kidude kidogo, mara nyingi cha mikrofaradi 2.5. Fundi abadilishe kwa namba ile ile iliyoandikwa juu yake. Watu wanatupa feni nzima kwa ajili ya hicho.

Mapanga yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni, na neti ya mbu isifungwe karibu nayo. Ikiwa ni chumbani, funga neti kwa kamba nne za pembeni, chini ya mapanga. Upepo wa feni unawasumbua mbu, ila neti msiiache.

Na delestaji, yaani umeme ukikatwa kwa zamu? Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua. Nusu hiyo, ukitoa kinachopotea kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), inaendesha feni ya wati 60 kwa saa nane au tisa hivi. Chagua inveta ya mawimbi laini. Zile za bei rahisi zinaifanya feni ivume kama nyuki na mota ipate moto. Ikiwa bado hamjanunua betri, ulizeni feni zinazoandikwa BLDC, zinazokula wati 30 hivi: betri ile ile itawafikisha asubuhi na taa mbili zikiwaka.