Shangazi, nina deni la sura 379 kwa Mungu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, mama wa watoto watatu, nauza viazi soko la Uyole hapa Mbeya. Mume wangu ni dereva wa fuso, nyumbani anaonekana mara moja kwa wiki. Januari mosi sisi akina mama wa maombi kanisani kwetu tulikubaliana kumaliza Biblia nzima mwaka huu: sura tatu kila siku, Jumapili tunaongeza. Tuna kundi la WhatsApp, na kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili kila mmoja anaweka tiki kwamba ameshaomba na ameshasoma.

Mwanzo na Kutoka nilimaliza vizuri. Februari nikaingia Walawi, mtoto mdogo akaugua, nikakosa siku nne. Nikasema nitafidia. Sikufidia. Nimekwama sura ya 14, pale pa ukoma wa nyumba, na juzi nimekaa na daftari nikapiga hesabu. Hadi Juni 10, kwa zile tatu za kila siku tu, nilitakiwa niwe nimesoma sura 483. Nimesoma 104. Nadaiwa 379.

Naamka saa kumi usiku kwa sababu saa kumi na moja na nusu lazima niwe sokoni fuso zinaposhusha. Nakaa stoo ya viazi ili nisiwaamshe wakubwa, mdogo nampakata, na kwa baridi hii naingia na jiko la mkaa nafunga mlango. Nikianza tu kuomba kichwa kinagonga na usingizi unanishika, nakuja kuzinduka nimechelewa. Mama mmoja kanisani ameniambia ni roho ya usingizi, nifunge siku tatu.

Kibaya zaidi, tangu Machi naweka tiki kila asubuhi na sijasoma. Wananipongeza. Wiki iliyopita wameniomba nitoe ushuhuda Jumapili jinsi ninavyoweza pamoja na biashara na watoto. Nimekubali. Sasa hata kuomba naona aibu. Nianzie wapi?

Mama wa Viazi, Uyole

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijagusa Biblia wala tiki kuna jambo haliwezi kusubiri. Hilo jiko litoke stoo leo hii. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, na dalili zake za mwanzo ndizo hizo ulizoniandikia: kichwa kugonga, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usioelezeka. Baada ya hapo mtu hazinduki. Nyanda hizi zetu za juu, kila baridi inapokaza tunasikia ya watu waliolala na jiko wakakutwa asubuhi hawapo. Na wewe mtoto umempakata.

Sisemi mwenzako wa kanisani alikuwa na nia mbaya, alikupa alichokuwa nacho. Lakini ukifunga siku tatu na jiko likabaki, utakuwa umeudhoofisha mwili ule ule unaokosa hewa. Vaa sweta mbili, jifunge blanketi, mtoto mfunike vizuri, mlango uache wazi. Ukiona kichwa bado kinauma baada ya kuliondoa jiko, nendeni zahanati wote wawili na umweleze mganga habari ya mkaa. Hilo lifanye hata kama mengine yote nitakayoandika hutayafuata.

Sasa tuje kwenye deni.

Nimeiangalia ile hesabu yako nikaona mkono wa mtu wa VIKOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Hisa, marejesho, faini, na mwekahazina anayekungoja na daftari mbele ya wenzako. Sokoni mpango huo unakusaidia, nami nausifu. Ila umeuhamishia kwa Mungu. Kila alfajiri unaingia stoo ukijiona mkopaji aliyechelewesha marejesho, na mkopaji wa namna hiyo tunamjua: anabadilisha njia ili asikutane na mwenyekiti. Ndiyo maana unaona aibu kuomba. Ungekuwa mvivu usingeamka saa kumi usiku miezi mitano mfululizo.

Hata pale ulipokwama pana sababu ya kawaida kabisa. Biblia ina sura 1,189. Mwanzo ina 50, Kutoka 40, jumla 90. Anayeanza Januari mosi kwa sura tatu kwa siku anazimaliza Januari 30, na kesho yake yuko mlangoni mwa Walawi, kwenye sheria za sadaka, za unajisi, za ukoma na ukuta wenye madoa. Vitabu viwili vya hadithi za watu vinaishia hapo, na wengi wanaishia nao hapo. Katika wale wanaoweka tiki kundini, siamini kama ni wewe tu uliyekwama. Walawi ni Neno la Mungu na ina wakati wake. Kumkabidhi mama anayeuguza mtoto, peke yake, bila mwalimu, Februari, halafu kumhesabia siku, mimi sikubaliani nako.

Wewe umeshasoma Kutoka, kwa hiyo rudi kichwani hadi sura ya 16. Wana wa Israeli walipewa mana, kila mtu ya siku yake. Waliobakiza ya leo kwa ajili ya kesho waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Isipokuwa ile ya siku ya sita, iliyokuwa ya Sabato. Sisi tunapenda kuifundisha sura hiyo kama onyo kwa wenye tamaa. Isome pia kutoka upande wa pili. Hakuna mahali Musa alipomwambia mtu, jana hukuokota, kwa hiyo leo utaokota ya siku mbili. Aliyelala jana, leo alikuta chini kuna ya leo. Yeremia naye, akiwa amekaa juu ya magofu ya mji wake, anasema rehema za Bwana "ni mpya kila siku asubuhi". Hazilimbikizwi, wala hazidaiwi nyuma. Zile sura 379 hazipo, mwanangu. Chukua kalamu uzikate kwenye daftari, mstari mmoja mrefu, ukurasa mzima.

Nikueleze habari za bibi yangu aliyenilea, kule Rungwe. Kanisa la Moravian lilifika pale mwaka 1891 na limeacha desturi moja ambayo naona haithaminiwi siku hizi. Wamoravian wa Herrnhut, wakati huo kijiji cha Ujerumani, walianza Mei 1728 kupeana mstari mmoja wa Biblia kila siku, unapita nyumba kwa nyumba, na tangu 1731 mistari hiyo huchapwa kitabu kila mwaka. Mpaka leo ule wa Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, kisha hutafutiwa mwenzake wa Agano Jipya. Mistari miwili, basi. Bibi kusoma kulimshinda. Asubuhi alikuwa anamsimamisha mjukuu yeyote aliye karibu amsomee ule mstari, anaurudia mara tatu nne kwa midomo yake, kisha anachukua jembe anashuka migombani. Mchana ukimpelekea chakula unamkuta bado anao. Anapalilia na kuusema. Akifika kwenye neno lililomgusa anasimama, anaegemea mpini, anasema "Ndaga, Kyala", asante Mungu, anaendelea. Jioni kabla ya kulala anatuuliza tena, ule wa leo ulisemaje? Ole wako usiukumbuke.

Sijui kama aliwahi kusikia Biblia yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ninachojua ni kwamba mtu akifiwa pale kijijini, bibi ndiye aliyeitwa, na alikuwa na la kusema.

Kwa hiyo sikupi ratiba mpya ya mwaka. Chukua Injili ya Marko. Ina sura 16, ina mwendo wa haraka, na Yesu wa mle ndani ni mtu wa kazi kama wewe: anazongwa na watu, anakosa nafasi ya kula, analala ndani ya chombo dhoruba ikipiga. Usisome sura nzima. Soma kisa kimoja, aya kumi au kumi na tano, mpaka kikuachie neno la kuondoka nalo. Lile neno ndilo lako la siku. Lirudie ukiwa kwenye bajaji, ukipanga sado, ukimsubiri mteja anayezunguka meza tatu ndipo arudi kwako. Kisa kikikushika, kaa nacho hata siku tatu.

Na saa kumi usiku iache, angalau kwa kipindi hiki. Najua utaniambia Yesu mwenyewe aliondoka alfajiri na mapema sana akaenda kuomba. Ni kweli, iko hapo hapo Marko sura ya kwanza. Lakini alisali pia jioni, akiisha kuwaaga makutano, na Luka anasema aliwahi kukesha usiku kucha mlimani. Danieli alikuwa na nyakati tatu kwa siku. Alfajiri ni saa nzuri kwa mwenye kuiweza. Wewe ukilala saa tano usiku na kunyonyesha katikati, saa kumi huna cha kumpa Mungu zaidi ya mwili uliochoka. Naye hashangai. Zaburi ya 103 inasema anatujua umbo letu, anakumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi. Eliya alipochoka kabisa akataka kufa, malaika alimgusa akamwambia inuka, ule. Alikula, akalala tena, akaamshwa akala tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye.

Wewe ni mtu wa soko, kwa hiyo unajua saa ambayo soko linapumua. Nadhani fuso zikishamaliza kushusha na wanunuzi wa jumla wakiondoka, kwenye saa nne hivi, kuna nusu saa mnakaa juu ya magunia kunywa chai na kuongea. Chukua dakika kumi na tano za hapo. Beba Agano Jipya dogo la karatasi kwenye mkoba wa fedha. Ukifungua Biblia ya simu utakutana kwanza na ujumbe wa mteja, halafu na lile kundi. Wenzako watakuzoea. Baada ya wiki mmoja atakuuliza unasoma nini, na hapo hutahitaji kutafuta maneno.

Maombi yako ya siku hizi yawe ya sauti ndogo na ya mambo ya kweli. Mwambie bei ya viazi imeshuka. Mtajie huyo mzee wa fuso, barabara anayopita leo na usingizi wake. Mtaje kila mtoto kwa jina. Na kwa kuwa daftari hulikosi, kila jioni chini ya hesabu ya mauzo andika mstari mmoja wa kushukuru, hata kama ni "leo mtoto hajakohoa". Zipo siku utasoma usisikie chochote moyoni. Soma tu, funga, endelea na kazi.

Limebaki la tiki, nami silipunguzi uzito. Umewadanganya wenzako miezi mitatu, na sasa uongo huo unataka kupanda madhabahuni Jumapili. Usiuruhusu. Mungu alikuwa na wewe ndani ya ile stoo na hakuna anachosubiri kuambiwa, lakini akina mama wale hawajui, na kila tiki yako imemwonea mmoja wao aliyekwama kama wewe, ambaye usiku analia akidhani ni yeye tu. Kwao ndiko kwenye deni la kweli.

Usianzie kwenye kundi. Kesho nenda kwa kiongozi wenu nyumbani kwake, uso kwa uso, usimpigie simu. Mwambie: "Dada, tangu Machi naweka tiki na sisomi. Nisamehe. Ushuhuda wa Jumapili siwezi kuutoa." Usianze na ugonjwa wa mtoto wala biashara, hayo atayauliza mwenyewe. Kisha mkikubaliana, andika kundini maneno yale yale, mafupi. Wapo watakaonyamaza, na huenda mmoja akakusema pembeni. Vumilia, umestahili kidogo. Lakini usishangae ukiona ujumbe wa faragha saa nne usiku, wa mtu anayesema na mimi pia. Huyo mkaribishe kwenye Marko, msome wawili, na asubuhi muulizane kilichowagusa badala ya kuwekeana alama.

Ukishafika sura ya 16, hata ikiwa Septemba, niandikie uniambie ni kisa gani kilikukalisha muda mrefu. Na nijulishe mtoto anaendeleaje na kama kichwa kimeacha kuuma.

Shangazi yako