Uliza Mvua na Jua: utabiri wa vuli haukuwa wa Nzega

Safu hii inajibiwa na mama mstaafu wa kituo cha hali ya hewa, mkazi wa Tabora.

Shikamoo mama. Mimi ni mkulima wa Puge, Nzega. Nilisikia redioni kwamba mvua za vuli zinaanza na zitakuwa nzuri. Mwezi wa kumi ikanyesha mvua moja ya nguvu, nikapanda mahindi na karanga ekari mbili. Baada ya hapo jua tupu, wiki mbili na zaidi. Zilizoota zikanyauka, nyingine ziliozea ardhini. Kwa nini watabiri wanatudanganya?

Marahaba mwanangu, na pole sana. Najua mbegu ya karanga inauzwaje msimu wa kupanda, na najua kulima tuta mara ya pili kunavyouma mgongo. Lakini utabiri uliousikia haukuwa wako.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa misimu mitatu ya mvua. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei, na hizo mbili ni za mikoa yenye mvua mara mbili kwa mwaka: pwani ya kaskazini, Kilimanjaro na Arusha, na ukanda wa Ziwa Victoria. Shinyanga imo humo. Tabora, pamoja na Nzega yako, haimo. Sisi tuko kwenye kundi la mvua za msimu, zinazoanza Novemba na kwisha Aprili, pamoja na Katavi, Rukwa, Singida, Dodoma na mikoa ya kusini. Utabiri wetu hutoka peke yake, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba au kuingia Novemba.

Shida yenu watu wa Nzega naielewa. Ukitoka hapo kwenda Tinde umeshaingia Shinyanga, redio ni hizo hizo, soko ni hilo hilo, na hapa nyumbani mvua yoyote tunaiita masika. Kwa hiyo mtangazaji akisema "vuli", mtu wa Puge anaona ni habari yake. Siku nyingine subiri usikie neno "msimu" na jina la Tabora. Kama hukulisikia, usishike jembe.

Na ukilisikia, sikiliza mpaka mwisho. Watu wengi hukata redio baada ya "mvua za wastani". Wastani kwa watabiri ni fungu pana. Ni kuanzia asilimia 75 mpaka 125 ya mvua ambayo eneo limezoea kwa miaka mingi. Chukua sehemu iliyozoea milimita 900 kwa msimu. Ikipata 680, ni wastani. Ikipata 1,100, nayo ni wastani. Mkulima wa mpunga kwenye jaruba na mkulima wa mahindi kwenye kichanga cha juu hawawezi kuzipokea hizo kama kitu kimoja. Tena jumla haikuambii mvua ilikujaje. Milimita 900 zinaweza kuja vizuri kila wiki, au zikaja kwa vishindo vitatu na katikati jua la siku kumi na tano. Ndiyo maana taarifa huzungumzia "mtawanyiko wa mvua" na "vipindi vya ukavu". Hayo maneno mawili ndiyo ya mkulima, na mimi huwaomba wanaonizunguka wayasikilize kuliko hata hilo la wastani.

Sasa hiyo mvua moja ya nguvu. Mwezi wa kumi jua huwa linapita juu ya vichwa vyetu kabisa, siku za mwanzo za mwezi, ardhi ni ya moto, na ngurumo za mchana zinajijenga kirahisi. Zinanyesha kijiji kimoja na kuruka kingine. Hiyo si kuanza kwa msimu. Wataalamu wengi wa kilimo hutumia kipimo hiki: zipatikane milimita 20 au zaidi ndani ya siku moja au mbili mfululizo, na katika siku thelathini zinazofuata pasitokee ukavu wa zaidi ya siku tisa au kumi hivi. Sehemu ya kwanza unaweza kuipima mwenyewe. Ya pili ndiyo unaitafutia utabiri wa siku kumi, ambao nao Mamlaka huutoa.

Kupima hakuhitaji fedha. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, kama la maziwa ya unga. Chupa iliyobanwa shingo haifai. Lisimamishe mahali pa wazi, mbali na mti na paa, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Kila siku saa tatu asubuhi ingiza rula, soma, andika, mwaga. Saa tatu ndiyo saa ya vituo vyote nchini, kwa hiyo daftari lako litalingana na la kituo. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Milimita 20 kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 80,000 za maji. Ukiyajua hayo hutadanganywa tena na mvua iliyopiga kelele kwenye bati na kuacha milimita sita.

Daftari la namna hiyo likikaa miaka kadhaa, mwanangu, lina thamani kuliko maneno yangu. Utabiri unatolewa kwa eneo pana. Shamba lako hakuna mwingine atakayelipimia.

Mama, habari za kazi. Kijana wangu yuko masomoni Marekani, jimbo la Oregon, mji wa Bend. Anasema wanaishi kwenye jangwa la nyanda za juu. Amenitumia utabiri wa kwao wa mwezi wa saba: mchana nyuzijoto 29, usiku 7, siku hiyo hiyo, na uwezekano wa mvua asilimia 20. Inawezekana kweli? Na kama mwinuko wao ni kama wetu anavyodai, mbona sisi si jangwa? — Mama wa Isevya, Tabora

Swali hili limenifurahisha, mama mwenzangu. Kijana anasema kweli. Bend iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Dodoma kama 1,120, Tabora karibu 1,200. Kwa mwinuko ni ndugu. Kwa mvua kila mmoja ana lake: Tabora hupata milimita 900 na zaidi kwa mwaka, Dodoma chini ya 600, Bend zinazokaribia 300, na sehemu ya hizo 300 huanguka kama theluji.

Kinachowanyima mvua ni milima ya Cascade iliyo magharibi mwao. Upepo wa Bahari ya Pasifiki unafika umebeba maji, unapanda mlima, unapoa, unayamwaga yote upande ule. Ukishuka upande wa Bend ni mkavu na unazidi kupata joto. Kwetu ukitaka kuona jambo la namna hiyo nenda mji wa Same, chini ya milima ya Upare. Juu kuna migomba na tangawizi, chini ni miiba.

Sisi hatuna ukuta wa hivyo. Novemba ukanda wa mvua unalifuata jua kwenda kusini, na hewa yenye unyevu inatufikia kutoka bonde la Kongo na kutoka Bahari ya Hindi. Kuanzia Mei hali hugeuka: upepo wa kusini mashariki unafika hapa umeshakauka, na tunakaa Juni mpaka Septemba bila mvua ya kutajwa.

Kuhusu usiku wa nyuzi 7: mvuke ulioko hewani ni blanketi la ardhi. Mchana jua linachoma, jua likizama ardhi inarudisha joto angani, na mvuke na mawingu ndivyo vinavyolizuia lisipotee. Hewa ya Bend kiangazi ni kavu mno na anga jeupe, kwa hiyo joto linaondoka lote, na wakati mwingine kunapiga jalidi, yaani umande wa barafu, hata katikati ya kiangazi. Wewe mwenyewe unaijua Julai ya Tabora, unavyotoka alfajiri na shuka mabegani na saa nane mchana unatafuta kivuli cha mwembe. Yao ni hiyo hiyo, ila imekazwa. Mwambie asiache koti kwa kuona jua.

Asilimia 20 haina maana kwamba mvua itanyesha sehemu ya tano ya mji, wala sehemu ya tano ya siku. Maana yake, katika siku kumi zenye utabiri kama huo, pale alipo atapata mvua siku mbili hivi, na hata tone la robo milimita huhesabiwa. Kufua nguo anaweza.

Ninalomsihi aliangalie zaidi ni tahadhari za moto. Jangwani kule radi hupiga bila mvua kufika chini. Mvua huonekana ikining'inia chini ya wingu kama pazia, inakauka kabla ya kugusa ardhi, lakini radi inafika, na nyasi ni kavu, na upepo wa dhoruba unausukuma moto. Akiambiwa aondoke, aondoke, asisubiri kuona moshi. Nanyi mliobaki huku, pazia hilo hilo mtaliona Oktoba upande wa Sikonge, wakati ambapo warina asali na wasafisha mashamba bado wana vijinga mkononi. Siku ya ngurumo kavu msiwashe kitu porini.

Shikamoo bibi. Naanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, kwenye jabali nyuma ya nyumba. Miombo imeanza kutoa majani mekundu. Wazee wanasema mvua iko mlangoni. Nianue? — Msichana wa Sikonge

Marahaba mjukuu wangu. Miombo huchipua Septemba kwa maji iliyoyahifadhi, wiki nyingi kabla ya mvua. Wazee wako sahihi kwamba msimu unakaribia, lakini mti haukupi siku. Kama vipande vinavunjika kwa sauti ukivikunja, vimekauka, viweke ghalani leo. Kama vinapinda, una jua la kutosha mpaka mwisho wa mwezi, ila viingize ndani kila jioni. Mwakani anza Juni au Julai. Hewa ni kavu na upepo haukomi, na michembe hutoka myeupe.